Kaveke Ajitambua kwa Daktari

Tangu utotoni Kaveke, fundi wa nguo wa mtaa wa Kawangware, aliitwa kichwa maji na mvivu. Alikuwa akianza gauni la tatu kabla ya kumaliza la kwanza, na maharagwe yalimuungulia akiwa papo hapo jikoni. Siku daktari alipomweleza dalili za ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kumaliza jambo, alizokuwa nazo binti yake Hope, Kaveke aliruka kitini.

"Daktari, huyo unayemsema ni mimi!"

Baadaye naye akapimwa, ikathibitika kuwa ubongo wake ndivyo ulivyoumbwa. Akatoka akicheka huku machozi yakimtiririka, akampigia dadake simu.

"Mbula, kumbe mimi si mvivu!"

"Kwani nani alisema wewe ni mvivu?"

"Si ni wewe! Miaka yote!"

Mbula akaangua kicheko. "Woi, nisamehe! Njoo kwangu Makina nikupikie chapati."