Shamba Lililohamia Ng'ambo

Kavindu aliolewa kando ya mto. Siku alipoletwa kutoka nyanda za juu za Kanyangi, ambako maji huchimbwa mchangani na kusubiriwa kwa foleni, mama mkwe wake alimshika mkono akamteremsha hadi ukingoni, akamwonyesha mto Athi.

"Hapa hutalilia maji," alimwambia.

Kavindu, ambaye utoto wake wote ulipita nyuma ya punda wa mitungi, aliyatazama yale maji yakienda zake, mengi, bila mtu kuyateka, akajiona ameangukia bahati.

Mto wenyewe huanzia mbali, kwenye nchi ya baridi upande wa Ngong, ukapokea vijito vya Nairobi pamoja na uchafu wake wote, ukaupita mlima wa Ol Donyo Sabuk, kisha ukashuka katikati ya Ukambani. Mkono wa kushoto ni Kitui, wa kulia ni Makueni. Huko mbele hubadilisha jina ukaitwa Galana, halafu Sabaki, mpaka baharini. Lakini Kavindu hakuwa amekaa sana pale kabla ya kujua jambo moja ambalo hakuambiwa siku ya kwanza: kwamba mto huu hausubiri mvua ya mahali hapo. Mbingu ya Kanyangi inaweza kuwa nyeupe, vumbi linatimka, mbuzi wanahema kivulini, na bado maji yakaja yakiwa yamefura, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo na viatu vya watu wasiojulikana.

Baba mkwe wake alikuwa akisimulia mwaka wa sitini na moja. Ukame ulikuwa umewamaliza, kisha maji yakaja yakachukua hata kilichobaki, ndege zikawa zinaangusha mahindi kutoka juu, na Wakamba wakauita mwaka ule wa *ndeke*, yaani wa ndege. Nyumba ya babu ilienda mwaka huo. Mwaka wa El Nino ikaenda migomba na shamba lote la chini. Kila mara familia ilipanda juu kidogo, ikajenga tena. Mutie, mumewe Kavindu, alikuwa mtu wa mzaha, akisema, "Huyu ni jirani anayesogeza ua wake kila tukilala." Watu wakacheka. Wakati huo shamba lilikuwa bado kubwa.

Ugonjwa wa sukari ndio uliomwondoa Mutie. Alizikwa alikotaka mwenyewe, mwisho wa safu ya miembe, mahali ambapo mtu akisimama anaona maji. Mtoto wao Mutisya, mwenye gereji ndogo kule Sultan Hamud, alimjengea baba yake kaburi la saruji lenye jina na msalaba. Kutoka kaburini hadi ukingoni palikuwa na nafasi ya kutosha kufunga ng'ombe wote wa kijiji wakala majani.

Halafu mto ukapinda. Wengine walisema ni mchanga unaochimbwa huko juu, wengine walisema ni miti iliyokatwa, wengine walimtaja Mungu. Kavindu alichojua ni sauti. Anaosha vyombo, anasikia "pu!" kama gunia limetupwa, akienda kuangalia anakuta kipande cha shamba kimekatika na maji yamebadilika rangi pale kilipoangukia. Upande wa pili, upande wa Makueni, mchanga na udongo ulikuwa unaongezeka msimu baada ya msimu, mweusi, laini, ukipendeza macho. Mwembe wa kwanza ulianguka, wa pili ukafuata.

Alimwendea Mulwa, kaka mkubwa wa marehemu.

"Shemeji, tumhamishe Mutie."

"Mama Mutisya, mtu akishazikwa hafukuliwi kama muhogo. Lazima ukoo ukae. Lazima chifu ajue. Lazima korti ikubali, na mtu wa afya aje asimame hapo."

"Basi ukoo ukae."

Ukoo ulikaa. Wazee walibishana, mmoja akauliza tangu lini maiti akasafiri, mwingine akajibu kwamba mto ukimsafirisha atafika mbali zaidi. Mwishowe walikubali. Pasta aliomba. Mambo yakapelekwa mbele, na baada ya hapo ikawa ni kungoja. Kila Kavindu alipouliza, aliambiwa asubiri, na waliomwambia hawakuwa watu wabaya. Walimwonea huruma kweli, wakampa kiti. Mutisya alikuwa akija mwisho wa wiki kupanga magunia ya mchanga ukingoni na kupanda majani ya napia yashike udongo. Magunia yakawa yanaondoka moja moja, kama watu wanaotoka ibadani kabla ya mahubiri kwisha.

Mwaka wa elfu mbili na ishirini na nne, mwezi wa nne, redio ilianza kusema Nairobi imezama. Nyumba za mabati zimebebwa, watu wamepanda juu ya mapaa, watoto wanatafutwa. Kavindu alikuwa amekaa mlangoni akipembua pojo, juu hakuna wingu hata la kumdanganya. Aliwalilia wale watu wa Nairobi, na katikati ya kilio akajua kwamba maji yanayotajwa redioni yako njiani yanakuja kwake. Alichukua simu.

"Mutisya, njoo. Sasa maji yanakuja."

Mutisya alifika na pikipiki asubuhi iliyofuata, akamkuta Mulwa na vijana wa jirani wameshatoa pampu ya kunyunyizia maji na kuipandisha juu. Mto ulikuwa umejaa ukingo kwa ukingo, unanguruma. Mutisya alikwenda moja kwa moja kwa baba yake. Ukingo sasa ulikuwa hatua chache tu kutoka msalabani.

"Leteni nyundo," alisema. "Tunamtoa leo."

"Bila kibali?" aliuliza Mulwa.

"Ami, kibali utamwonyesha nani? Huyu?" Alielekeza mkono majini.

Mulwa ndiye aliyeenda kuleta nyundo. Walivunja saruji kwa zamu, vijana wakachimba kwa majembe na koleo, udongo ukitoka umelowa tayari. Kavindu alisimama nyuma yao ameshika shuka jipya alilotaka kumfungia mumewe. Hakuomba. Alijaribu, maneno yakakataa kushikana.

Ndipo akauona ufa. Ulikuwa nyuma ya wachimbaji, mwembamba, unapita kwenye majani kama uzi, ukatoka upande mmoja wa kaburi hadi mwingine. Aliutazama kwanza bila kuelewa. Ukafunguka ukawa upana wa kidole.

"Tokeni!" alipiga kelele. "Tokeni hapo!"

Vijana waliruka. Mutisya alikuwa ndani ya shimo hadi kifuani.

"Mwaitu, mama, nimelifikia! Nimegusa sanduku!"

"Mwache baba yako! Mutisya, mwache!"

Mulwa alilala kifudifudi, akamshika mkono, wakamvuta akiwa bado anapinga. Walikuwa hawajasimama vizuri wakati ardhi ilipoinama mbele yao, polepole, kama mtu mzima anayekaa kitini, kisha ikaenda yote: shimo, msalaba, magunia, mwembe wa mwisho. Maji yalifunika. Mutisya alikaa chini, mikono imejaa matope, akawa anaitazama.

Hakuna aliyemlaumu Kavindu kwa kusema neno lile, mwache. Yeye mwenyewe alilisikia kwa miezi.

Maji yalipopungua walitembea ukingoni hadi mbali, wakauliza kila waliyemkuta. Watu wa huko chini walikuwa na watu wao wa kutafuta. Pasta alikuja kufanya ibada, akasimama juu ya ukuta wa udongo uliokatwa wima, akageuka huku na huku, asijue aelekee wapi. Mwishowe aliomba akitazama watu. Nyumba nayo haikuwa salama tena, kwa hiyo Mulwa alimpa Kavindu mahali pa kujenga kwake, juu, kwenye mawe. Akarudia punda na mitungi.

Mwezi wa nane, mto ulipokuwa mwembamba, alivuka. Alivuka na wanawake wanaokwenda sokoni, wameshikana mikono kwa sababu ya mamba, maji yakiwa magotini. Ng'ambo, pale penye udongo mpya, alikuta shamba la kunde na maboga ambalo hakuwahi kuona kijani kama chake. Mwenyewe, mzee aitwaye Muindi, alikuwa akipalilia.

"Karibu, mama. Unatafuta mtu?"

"Ndiyo," alisema Kavindu, kisha akamweleza.

Muindi aliegemea jembe. Alikuwa ameshasikia habari hizo, lakini hakujua marehemu alikuwa mume wa nani. "Hapa zamani palikuwa maji," alisema. "Sikuomba huu udongo. Ulikuja tu."

"Najua."

"Mimi pia mto ulinichukulia shamba, mwaka wa El Nino. Nikadhani sasa unanirudishia." Aliona aibu kidogo. "Nikipata kitu, ubao, msalaba, chochote, nitatuma mtu. Nitaacha kulima hapo."

Kavindu alimshukuru. Alitembea kati ya mistari akitazama chini, akachuchumaa, akashika udongo. Ulikuwa udongo kama wa mahali popote. Hakusikia alichotarajia kusikia. Muindi, asijue afanye nini kingine, alichuma majani ya kunde mafungu mawili makubwa akamtia mikononi, na Kavindu hakuweza kukataa.

Jioni aliyachambua majani yale nje ya nyumba yake mpya. Mulwa alipita na fimbo yake.

"Kunde wakati huu wa kiangazi? Umetoa wapi?"

"Ng'ambo."

Mulwa alisimama kidogo, akaelewa, akaenda zake. Kavindu alikaa na sufuria mapajani mpaka majani yakaanza kulegea. Ndani hapakuwa na mboga nyingine. Aliwasha moto, akayapika na chumvi, akala.