Kuku Aliyekula Joto la Shule

Sisi tuliokulia Mpepai kabla nguzo za umeme hazijapanda mlima tulikuwa na sayansi yetu, na ilitutosha. Umbali tuliupima kwa miwa. Ukiulizwa Mbinga mjini ni mbali kiasi gani, unajibu ni mwendo wa miwa miwili kwa mtu anayetafuna polepole. Kigonsera hakuna aliyewahi kufika na muwa mkononi. Joto la maji mama alilipima kwa kiwiko: kulikuwa na maji ya kumwogeshea mtoto, maji ya kunyonyolea kuku na maji ya ugali, basi. Na fedha baba aliipima kwa kahawa. Ungemtajia bei ya kitu chochote, iwe daftari au baiskeli, angekunja uso na kuuliza, "Hiyo ni debe ngapi?" Siku redio iliposema wazungu walitumia mamilioni kwenda mwezini, aliuliza swali lilelile, na tulikaa hadi maharage yakaiva tukimtafutia jibu. Maharage ya kwetu, mnaojua mnajua, hayakuwa na haraka.

Shuleni tulikwenda na kuni moja, kidumu cha maji na kiazi cha kuchoma mfukoni, ambacho kwa baridi ya Juni ndicho kilikuwa koti letu. Dala, ile sarafu ya shilingi tano, ikipatikana tulinunua andazi tukaligawana watu wanne. Aliyekata ndiye aliyechagua mwisho, na mkono wake ulikuwa sahihi kuliko mizani ya chama cha ushirika. Jioni tulicheza kujificha kwenye ngolo, yale mashimo ambayo sisi Wamatengo tunachimba kwenye mashamba ya mlimani ili mvua isiondoke na udongo. Walikuja wataalamu kuyapima, wakasema ni sayansi kubwa. Sisi tulichojua ni kwamba ukikanyaga maharage yaliyopandwa ukingoni, unachapwa. Watoto wa leo wanajificha nyuma ya simu, na hakuna anayewatafuta.

Nikiwa darasa la sita, sayansi ya serikali ikatufikia ndani ya kisanduku cha mbao. Ililetwa na Mwalimu Ezra, kijana wa Lipingo kule chini ziwani, aliyekuwa amehamishiwa kwetu na akavaa makoti mawili kuanzia siku aliyoshuka kwenye lori. Ndani ya kisanduku, juu ya pamba, kulikuwa na kipimajoto, cha pekee shule nzima. Mwalimu akatusomea kitabuni kwamba maji huchemka yakifika nyuzi mia moja, katika usawa wa bahari.

"Hayo ya bahari msiandike," akasema. "Huku hakuna bahari."

Tukafurahi kuokoa wino. Akatangaza kwamba Ijumaa tutachemsha maji, tuone kwa macho yetu.

Ijumaa asubuhi nilitumwa mimi, Skolastika, kwenda kuchukua kisanduku nyumbani kwake, kwa kuwa nilikuwa mtoto anayeaminika. Bahati mbaya ni kwamba njia ya kurudi shuleni ilipita uani kwetu. Nikasema nijipime kidogo tu. Kwapani nikapata thelathini na saba. Pembeni palikuwa na kuku wa mama anaatamia, nikamwingizia kipimajoto chini ya bawa, nikachungulia. Arobaini na moja! Nikajua mgonjwa yule hafiki jioni, nikaenda njia nzima nikimhurumia. Leo najua kwamba kuku wote wana joto kutuzidi, hata wenye afya, na anayebisha akamshike wake.

Shuleni tuliweka sufuria ya jikoni juu ya mafiga, darasa zima tukaizunguka. Maji yakaanza kutokota. Mwalimu akatumbukiza kipimajoto, akawa anasoma kwa sauti: tisini, tisini na tatu, tisini na tano. Hapo kikasimama. Akaongeza kuni. Maji yakaruka hadi kuzima moto upande mmoja, mvuke ukatufunika, kipimajoto kikabaki palepale kwenye tisini na tano. Mwalimu akakigonga kwa ukucha, akakipuliza, akakigeuza huku na huku, kisha akatutazama.

"Nani amekichezea?"

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: kama nyuzi zilikuwa mia na sasa ni tisini na tano, basi tano zimebaki kwa kuku. Nikanyoosha kidole nikilia.

"Mwalimu, nilimpima kuku."

Walicheka hadi darasa la jirani likatoka kuangalia. Siku ile nilipata jina la Nesi wa Kuku, na miaka mingi baadaye mshereheshaji alilitaja kwenye harusi yangu mbele ya wakwe. Lakini mwalimu hakucheka. Alinipa barua ya kumpelekea baba, kwamba kifaa cha shule kimeharibika na mzazi atalipa.

Baba alisoma barua mara mbili. Sikusubiri aulize ni debe ngapi, kwa sababu nilikwishajua ni debe zipi. Mwaka ule nilikuwa napata kipaimara, na baba alikuwa ameniahidi raba nyeupe kahawa ikiuzwa, viatu vya kwanza katika maisha yangu.

"Utampokea Roho Mtakatifu kwa miguu yako hiyo hiyo," akasema. "Mitume nao hawakuwa na raba."

Nyie mliopata kipaimara mnajua tatizo liko wapi. Mbele ya Baba Askofu unapiga magoti, na ukipiga magoti, nyayo zinaligeukia kanisa lote. Zangu zilikuwa na magaga ya kuficha senti. Nililia usiku na mchana, na kila nilipomwona yule kuku, mzima wa afya, anatembeza vifaranga wake, nilimchukia.

Jumamosi moja mwalimu alikuja nyumbani wapatane malipo. Mama alikuwa pembeni anachambua maharage, hakuna aliyemwuliza kitu, akasema bila kuinua kichwa:

"Mwalimu, mimi sikusoma. Lakini kule kwenu Lipingo nilikaa mwezi mzima nikimuuguza wifi yangu. Nilibeba maharage yangu haya haya, na kule yaliiva kabla sijamaliza kufua. Huku yanashinda motoni kutwa. Maji ya huku yanatokota bure tu, hayana nguvu."

"Mama Skola," baba akamwambia, "usichanganye maharage na mambo ya serikali."

Mwalimu aliyatazama yale maharage hadi chai yake ikapoa. Mwishoni akaomba tusubiri likizo iishe. Akaondoka na kisanduku kwenda kwao ziwani.

Likizo ile ilikuwa ndefu kuliko mwaka. Siku ya kufungua shule, jioni, nikamwona Mwalimu Ezra anaingia uani moja kwa moja kutoka kwenye lori, vumbi kichwani, mfuko wa dagaa mkono mmoja na kisanduku mkono wa pili.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama."

Hakukaa. Alisema amechemsha maji mara tatu kwao, na kipimajoto kilekile kimefika tisini na nane. Alisema amerudi kuyasoma yale maneno ya bahari aliyotukataza, na kumbe ndiyo yenye jambo lote: kadiri unavyopanda mlima, maji yanachemka kwa joto pungufu. Kipimajoto ni kizima. Mama Skola alikuwa sahihi. Kisha akaniita kutoka jikoni, akachuchumaa hadi uso wake ukawa sawa na wangu.

"Skolastika, nilikukosea. Naomba unisamehe."

Jamani, tulilelewa wakati gani! Mtoto ulichapwa kwa kosa la mwenzako, na ukweli ukijulikana uliambiwa hiyo iwe akiba ya kosa lijalo. Nilikuwa sijawahi kusikia mtu mzima anamwomba mtoto msamaha, sikuwa nimefundishwa jibu lake. Nikatafuta kichwani neno la heshima, nikajibu, "Marahaba."

Mama alinifinya. Baba alicheka hadi akakohoa. Raba zilinunuliwa, kubwa kwa namba mbili ili nizikulie, nikapiga magoti mbele ya Askofu na makaratasi kwenye vidole. Nilizipenda sana. Lakini kitu nilicholala nacho usiku ule wa dagaa hakikuwa raba. Nililala nimejiona mtu.

Sasa nina wa kwangu. Mwezi uliopita birika la umeme liligoma, nikamsingizia mwanangu Deo, nikamnunia, nikamnyima hela ya bando. Fundi akasema ni soketi tu. Ilinichukua siku tatu kupata ujasiri, maana sisi tuliombwa msamaha mara moja katika utoto mzima, hatuna mazoezi. Nikagonga mlango wake, nikasema yote: mwanangu, nilikukosea, naomba unisamehe.

"Poa, mama," akajibu, kidole kikiendelea kuteleza juu ya kioo cha simu.

Nikabaki nimesimama. Nilitaka ashtuke, akose la kusema, asimulie hadi uzeeni. Akainua macho, akaniona bado nipo.

"Kuna kingine?"