Jicho la Kulia la Fundi

Fundi wa shamba la ngano hapa Hanang alikuwa anapima macho ya mwanga, yale yanayoiongoza mashine ya kuchambua ngano, kwa miale pacha: mmoja ukionekana kushoto, mwenzake lazima kafika kulia. Jicho la kulia lisipouona, limesinzia. Kila lenzi aliipuliza kama uji wa moto. Ila miwani yake mwenyewe alikuwa hataki kabisa, na juzi mkanda wa mashine nusura umle mkono.

"Macho yangu mazima, Mama Pacha," alimwambia karani Fabiola.

Fabiola akawaagiza mabinti zake pacha wampite pamoja mara kumi, mmoja kushoto na mmoja kulia, bila kumwamkia. Mara zote kumi fundi alimdaka wa kushoto: "We binti, shikamoo iko wapi?" Wa kulia, mara tatu tu.

Fabiola alipomsomea hesabu hiyo, fundi akapuliza vidole kama aliyeungua na uji. "Jicho kama hilo kwenye mashine ningeling'oa. Lete miwani. Na hao waje, nawadai shikamoo ishirini."