Njia Mbili Kati ya Vijiji Viwili

Mdogo wangu nilimfundisha mwenyewe kuandika programu, likizo moja nyumbani Lulindi, tukitumia kompyuta moja kwa zamu. Sasa anafundisha hisabati Newala, nami napanga mabomba ya maji Masasi.

Kazini natumia programu ya bure ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuirekebisha. Unaipa vijiji na njia zilizopo kati yavyo, nayo inachagua zile zinazoviunganisha vyote kwa bomba fupi kuliko yote. Mwaka jana niligundua kasoro yake. Vijiji viwili vya upande wa Lisekese vina njia mbili kati yavyo, ya barabarani na ya bondeni. Programu ilishika niliyoiingiza mwisho, ambayo ndiyo ndefu, nyingine ikaitupa. Niliwaandikia wanaoisimamia. Nikamsimulia na mdogo wangu kwenye simu, kwa kujionyesha kidogo.

Baada ya wiki mbili akapiga. "Shikamoo, dada. Ile kasoro nimeirekebisha."

Nikaitikia marahaba, nikampongeza. Nilipokata simu nilikaa nimeshika kikombe mpaka chai ikapoa. Mimi nilikuwa sijaandika hata mstari mmoja.

Wasimamizi waliniomba niijaribu kazi yake, kwa kuwa mimi ndiye niliyelalamika. Ilichagua njia fupi sawasawa, lakini jibu lilitaja vijiji tu, halikusema ni njia ipi kati ya zile mbili. Fundi angechimba wapi? Nilipaswa kumwambia siku ileile. Badala yake nikafunga kompyuta, na moyoni nikaona raha. Siku tano nilinyamaza, nikisubiri aaibike.

Mtu wa nchi nyingine akaiona kasoro hiyo, akaieleza mbele ya wote. Mdogo wangu akarekebisha siku hiyohiyo, akamshukuru, kazi ikapokelewa.

Alipokuja Masasi, tukiwa tunamenya mihogo, aliniuliza kama nilikuwa nimejaribu kabla ya yule mtu. Nikakubali.

"Uliona?"

"Niliona."

Akaendelea kumenya. "Ningependa kuisikia kwako, dada," akasema, kisha akauliza presha ya mama inaendeleaje.

Toleo jipya lilipotoka, majina yetu yote mawili yalikuwamo kwenye orodha ya waliochangia. Ni yeye aliyeomba langu liwekwe, kama mtu aliyegundua kasoro. Niliisoma orodha ile mara mbili. Lake lilikuwa juu ya langu, na hilo ndilo nililoliona kwanza.