Amri Moja ya Phelix Ooko

Phelix Ooko alizaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la majani chai nje kidogo ya mji wa Kericho. Baba yake alikuja huko kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, akachochea boila ya kiwanda mpaka kifua kikamkataa. Mzee hakutaka mwanawe aujue mlango wa kiwanda. Alimsomesha kompyuta kwa taabu, na Phelix akatoka chuoni na cheti kizuri lakini hajui kazi.

Aliyemfundisha kazi ni Kipyegon, mtu wa Sigowet, mpole, mwenye mke na watoto wawili. Walikutana katika ofisi moja ya mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, iliyotengeneza maduka ya mtandaoni kwa niaba ya kampuni ya ng'ambo. Wateja walikuwa wauza viatu, wauza mishumaa, hata wauza chakula cha mbwa, watu ambao hawangeonana nao maishani.

Wengine ofisini waliburuta picha kwa kipanya siku nzima. Kipyegon hakukigusa. Alifungua terminal, ile skrini nyeusi isiyo na picha, akaandika amri fupi fupi. Amri ya kuanzisha duka. Amri ya kuvuta themu, yaani sura ya duka, kutoka mtandaoni hadi kwenye kompyuta yake. Nyingine ya kukagua makosa, nyingine ya kuisukuma irudi juu wanunuzi waione. Phelix alivuta kiti akaketi kando yake, na tangu siku hiyo akamwita Mwalimu.

Mwalimu hakumnyima kitu. Wiki za mwanzo Phelix alikosea, akasukuma themu ambayo haijakamilika moja kwa moja kwenye duka lililo wazi badala ya nakala ya majaribio. Duka la mishumaa likabaki kurasa tupu, tena siku ambayo mwenyewe alikuwa ametangaza bei nafuu. Madam Janeffer, aliyesimamia ofisi, alitoka chumbani mwake akiuliza ni nani. Phelix alikuwa bado anatafuta maneno Kipyegon alipojibu kwamba ni yeye. Aligombezwa mbele ya kila mtu, kisha akarudi kitini akamwonyesha Phelix jinsi ya kurudisha themu ya zamani. Hawakulizungumzia tena.

Phelix akawa fundi, na akawa na haraka. Alichoshwa na kuandika amri zile zile kwa kila duka jipya. Basi akaanza kuziunganisha. Aliandika programu yake ndogo ambayo ukiipa jina la mteja na aina ya bidhaa, inaanzisha duka, inachagua themu, inapachika apu za malipo na usafirishaji, inajikagua na kusukuma kila kitu mahali pake. Kipyegon alimsaidia palipokwama. Hata jina ni yeye aliyeipa, akicheka: chap. Ukiandika neno hilo tu kwenye skrini nyeusi, kazi ya watu watatu ilikuwa tayari kabla chai haijapoa.

Habari zikamfikia Madam, naye akaomba aonyeshwe. Watu wa ng'ambo walikuwa wakitazama kupitia video. Phelix alivaa shati jeupe. Aliandika lile neno, mistari ikashuka kwenye skrini, duka likatokea zima, na sauti kutoka ng'ambo zikamsifu kwa jina. Ndipo Madam akamgeukia.

"Sasa, Phelix, kazi hii inahitaji watu wangapi?"

Kipyegon alikuwa amesimama mlangoni. Moureen, aliyekuwa akishughulikia apu, alikuwa nyuma yake. Phelix aliwaona wote wawili. Lakini sifa zilikuwa zimempanda kichwani.

"Mmoja, Madam," akasema. "Na huyo mmoja atapata muda wa kulala."

Watu wa ng'ambo walicheka. Moureen aliachishwa kazi kabla mwezi haujaisha, na Kipyegon na wale wengine baada yake. Kipyegon alikusanya kikombe chake na sweta, akampa Phelix mkono, akamtakia kazi njema. Phelix alijiambia kwamba uamuzi haukuwa wake. Alijiambia hivyo mara nyingi, akiwa peke yake katika chumba chenye viti vitupu.

Hakukaa humo sana. Watu wa ng'ambo waliomba nakala ya chap, Madam akawapa, maana kila kilichoandikwa ofisini kilikuwa mali ya ofisi. Baada ya hapo hawakuhitaji mtu Kericho. Ofisi ikafungwa, na Madam mwenyewe akarudi kwao Bomet.

Phelix alipanda gari kwenda Sigowet. Alikuwa amepanga kumwomba Kipyegon waungane, waanze ofisi yao. Alimkuta zizini, amevaa gamboti za mpira, akikama. Mkewe aliwaletea mursik, yale maziwa ya mgando ya kibuyuni, na ugali, Phelix akala akashiba, wakaulizana habari za wazazi na za mvua. Hapakuwa na neno baya. Mwishowe Phelix akasema alichokijia, akaongeza kwamba yeye pia alifutwa kazi, kwamba programu ile imewala wote.

Kipyegon alinawa mikono pole pole.

"Ooko, mimi sina ubaya na programu. Niliitengeneza na wewe," alisema. "Lakini wewe uliulizwa mbele yangu. Ungesema tu hujui."

Kipyegon alimsindikiza hadi barabarani kama inavyompasa mwenyeji, akasimama naye mpaka gari likaja, akizungumzia bei ya maziwa.

Siku hizi Phelix anafundisha kompyuta katika chuo kidogo huko Londiani. Wanafunzi humpenda kwa sababu hana hasira. Sikukuu zikifika humwandikia Kipyegon salamu, na Kipyegon hujibu siku hiyo hiyo, kwa adabu, kwamba wao ni wazima na awasalimie nyumbani. Hajawahi kumwambia, "Karibu tena."