Mvinyo Uliochelewa Kuwa Siki

Mgiriki aliyekuwa na duka karibu na forodha ya Lindi alikuwa mtu wa kichwa kigumu, na ukaidi wake wote aliuhamishia kwenye mizabibu. Alileta vijiti kutoka Santorini, kisiwa cha kwao, akavipanda nyuma ya duka. Mimi, mke wa mchukuzi wake wa mizigo, nilipewa kazi ya kuvinywesha maji.

Alinieleza kuwa kwao upepo ni mkali mno, mzabibu hauachwi usimame. Matawi huviringwa chini mfano wa kikapu, zabibu zikakaa ndani. Basi nami nikaviringa, ingawa upepo wa Lindi haujawahi kumwangushia mtu mzabibu. Alinifundisha majina kwa kunitaka niyarudie mara tatu tatu: asirtiko, nyeupe na kali, aidani, yenye harufu ya maua, mandilaria, nyeusi. Zote zilishika ukungu bila ubaguzi. Mvua ikinyesha majani yanaoza, naye ananuna kutwa. Mvinyo aliowauzia Wajerumani wa boma ulitoka Santorini kwa mapipa, na mapipa hayo sikuyagusa. Nilimwambia siku ya kwanza kwamba kileo kwetu ni najisi. Akacheka, akakubali.

Vita vilipoanza, mume wangu alikwenda Rutamba kwa wajomba zake, akanywa pamoja nao ile dawa ya maji iliyosemwa inazuia risasi. Alirudi ameegemea gongo, risasi imempasua paja. Nilimficha chumbani, nyuma ya vikapu vya mtama. Kwa daktari wa boma hakwendeki. Waliokutwa na majeraha ya namna ile walinyongwa.

Mtu wa kumwambia alikuwa mmoja tu. Mgiriki alinisikiliza, akafunga mlango wa duka, akanijazia chupa ya asirtiko kutoka pipani. Alisema kwao vidonda huoshwa kwa mvinyo huo, asubuhi na jioni.

"Anza leo, binti," alisema. "Si kesho."

Nilipomwonyesha mume wangu ile chupa, aligeukia ukutani.

"Usinipake najisi," alisema. "Nikifa, nataka nife tohara."

Mimi sikutaka afe kabisa, na hapo ndipo nilipojiona mjanja. Sisi wa pwani tumekula siki ya tembo la mnazi tangu utoto, na katika chuo cha Kurani tulifundishwa kwamba kileo kikigeuka siki chenyewe ni tohara, lakini ukikiharakisha kwa kutia kitu kinabaki najisi. Tembo huchacha kwa siku chache. Nikaumimina mvinyo mtungini, nikaufunika kitambaa, nikauweka juani. Siki ya mnazi ilikuwepo jikoni. Lakini Mgiriki alisema zabibu, nami nikashikilia zabibu. Huku nikisubiri, nilimwosha kwa maji ya moto na chumvi.

Kila asubuhi nilinusa mtungi, kisha nikanusa paja. Siku ya nne paja lilinuka, mtungi bado ulikuwa mvinyo. Siku ya saba akaanza kuweweseka, akiwaita wajomba zake. Ningeweza kumwosha wakati ule, kwa kuwa hakujua tena najisi wala tohara. Mkono wangu ulifika kwenye mtungi, ukarudi. Niliogopa kwamba akipona atanichukia. Ujinga huo nimeishi nao mpaka meno yameniisha.

Alifariki siku ya tisa. Majirani niliwaambia ni homa.

Mgiriki aliniuliza kama nilimwosha.

"Ndiyo, bwana," nikasema.

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

Alisimama akitazama vikapu vyake vya majani. Akasema huenda mvinyo uliharibikia melini, huenda hata haukuwa dawa, wazee wao walijidanganya tu. Kisha akachukua jembe, akang'oa asirtiko zote. Nilimsaidia kuzikusanya na kuzichoma.

Mtungi ulikuja kuchacha karibu na arobaini ya marehemu. Mwalimu wa chuo, aliyekuja kusoma hitima, alionja, akasema ni siki safi, haina shaka yoyote. Nikaitia kwenye achari ya maembe mabichi. Wageni waliisifu sana, na wengine wakaniomba niwafungie kidogo waende nayo nyumbani.