Nilitetemeka ndani mwaka mzima pale Uvira, wote wakasema ni woga wa vita

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi ni msomaji wa humu wa siku nyingi, mama wa miaka sitini na kitu, mwalimu wa shule ya msingi niliyestaafu. Nimezaliwa bonde la Ruzizi, ninakaa Uvira, kando ya ziwa. Sijawahi kuanzisha uzi.

Leo nimeanzisha kwa sababu nimekasirika.

Juzi kijana mmoja aliandika humu kwamba anatetemeka ndani ya mwili, nje haonekani kitu. Majibu aliyopewa nimeyasoma yote. Stress. Mapepo. Acha kahawa. Oa. Mmoja akamwambia atafute kazi, mwili utatulia wenyewe.

Hakuna hata mmoja aliyemwuliza kuhusu shingo yake.

Kwa hiyo nitawasimulia yaliyonipata mwenyewe. Sitaongeza chumvi. Nisipokumbuka vizuri nitasema sikumbuki.

Ilikuwa wakati wa rebelioni. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na sisi wa kwenye bonde tulikuwa tumekimbia. Mimi na mume wangu tulitoka Kiringye tukaenda Mutarule, Mutarule nako kukawaka, tukashuka mpaka Uvira na watoto wawili. Mama mkwe wangu alikuwa na nyumba mtaa wa Kimanga, akatupokea. Mume wangu alipata kazi ya kutengeneza mota za mitumbwi, mimi nikapata darasa la tatu kwenye shule ya karibu.

Sasa, mtetemo.

Ulianza darasani. Nilikuwa naandika hesabu za kugawanya ubaoni, nikasikia sakafu inatetemeka. Siku hizi ningesema kama simu iliyowekwa vibration halafu ikafichwa ndani ya mbavu zako. Wakati ule nilijua vitu viwili tu vinavyotetemesha sakafu: tetemeko la ardhi, ambalo upande wetu wa ziwa tunalizoea, na malori ya wanajeshi.

Nikapiga kelele: "Wote chini!"

Watoto wa vita hawaulizi. Darasa zima likalala chini ya madawati. Darasa la jirani likasikia, nalo likalala. La tatu likatoka mbio nje, na shule nzima ikafuata. Wazazi wa mtaani wakaona watoto wanakimbia, wakafunga milango, wengine wakaanza kufunga mizigo.

Hakukuwa na lori. Hakukuwa na tetemeko. Sakafu ilikuwa imetulia kabisa. Kilichotetemeka kilikuwa mimi.

Mkurugenzi wa shule aliniita ofisini.

"Madamu, weye unasikia nini batu bengine hawasikie?"

Nikamwambia, nasikia kutetemeka, hata sasa hivi. Akaniomba nimwonyeshe mikono. Nikanyoosha. Mikono imetulia, haina kitu. Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniumiza kuliko kama angenitukana.

"Ni vita, Madamu. Vita imekuingia mu kichwa. Pumuzika."

Darasa langu akampa mtu mwingine. Na watoto wa mtaani wakanibatiza Mwalimu Tetemeko. Nikipita, wanalala chini wote, halafu wanacheka.

Niwaeleze vizuri jambo hili, kwa sababu anayeugua anahitaji kujua kwamba si yeye peke yake. Mtetemo wa ndani hauonekani. Ukilala unausikia mgongoni, ukikaa unausikia mapajani, ukishika kikombe unajiuliza kwa nini chai haimwagiki. Moyo unakimbia bila wewe kukimbia. Nilikuwa nasikia joto wakati wenzangu wamejifunika vitenge. Nilikula mara mbili ya mume wangu, nikazidi kukonda. Nilimfokea mtoto kwa kuangusha kijiko, halafu nikalia.

Nilikwenda kituo cha afya. Kwanza niliambiwa malaria. Nikapewa kwinini, masikio yakalia kama kengele na moyo ukazidi. Nikarudi, nikapewa dawa ya minyoo. Nikarudi tena, muuguzi akaniuliza maswali mawili tu: umetoka wapi, na umepoteza nani. Nilipotaja Mutarule aliweka kalamu chini.

"Ah. Sasa nimeelewa. Weye iko na ugonjwa ya vita."

Akaniandikia vidonge vya kulala.

Hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, wakuu, na mpaka leo haijaisha. Simlaumu kwa kutokuwa na mashine. Hakuna aliyekuwa na mashine. Namlaumu kwa sababu alikuwa na mikono miwili na hakuniwekea hata mmoja. Vita ilikuwa imewapa jibu moja la kila kitu. Ukitoka vitani huna tena figo, huna ini, huna moyo. Una woga tu.

Naam, woga wa vita upo, na unatetemesha watu kweli. Nimewaona. Sisemi wanaougua hivyo wanajifanya. Nasema mtu apimwe kwanza, ndipo aambiwe ni woga.

Nyumbani mambo yakaharibika. Mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa fundi, na fundi anaamini kile anachokishika. Aliniwekea mkono mgongoni, akasubiri, akatikisa kichwa. "Minye sisikie kitu, Mama Neema." Akasema hivyo kwa upole, mara nyingi, mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuwaza kwamba labda nimerukwa na akili.

Ndipo akaingia shemeji yangu, kaka yake mkubwa. Yeye alisema ni mapepo. Kule mlimani kulikuwa na chumba cha maombi ambapo watu wa namna yangu walipelekwa. Siku saba bila chakula wala maji. Anayepiga kelele anafungwa kamba. Shemeji hakuwa mtu mbaya, aliamini anachosema. Alipanga siku, akaniambia nifunge kitenge kimoja tu, huko hakuna haja ya vingi.

Mimi ni Mkristo, nasali mpaka leo. Lakini nilijua moja: nikipanda mlima ule, nikishuka nitakuwa kichaa rasmi. Nikisema nina njaa, ni pepo linasema. Nikisema moyo unauma, ni pepo linasema. Na watoto wangu hawangeachwa tena mikononi mwangu.

Siku tatu kabla ya safari nilikwenda kununua sabuni kwa Mama Riziki. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, amezalisha nusu ya Kimanga, wakati huo ana kibanda kidogo cha dawa na vitu vya dukani. Nilikuwa nimesimama juani natokwa jasho, sina hata mtandio, na upepo wa ziwa ulikuwa mkali siku ile mpaka yeye alikuwa amevaa sweta.

Akanitazama. Akaacha sabuni.

"Unakula?"

"Nakula sana, mama."

"Na mwili unaenda wapi?"

Nikacheka, halafu nikaanza kulia, nikamwambia yote. Hakuniambia pole. Alizunguka meza, akasimama nyuma yangu, akaniwekea vidole shingoni. "Meza mate." Nikameza. "Tena."

Niwaambie kuhusu shingo yangu. Mama yangu alitoka milimani, na kule rovu lilikuwa jambo la kawaida, uvimbe wa mbele ya shingo, kila ukoo una mwenye nalo. Mimi nilikuwa nalo tangu usichana, si kubwa sana. Nilivaa mkufu juu yake, basi. Haliumi, halisumbui. Nani angefikiri?

"Kesho saa sita uniletee bwana yako," akasema Mama Riziki. "Na ule mukubwa wake anayependa milima, naye akuje."

Walikuja, shemeji akiwa amekunja uso. Mama mkwe naye akafuata. Mama Riziki alinilaza kwenye mkeka nyuma ya kibanda, kwenye kivuli, na kwa kuwa sikuwa nalala vizuri kwa wiki nyingi, nilisinzia. Nililoelezwa baadaye ni kwamba alimpa mume wangu saa yake, akamwekea vidole kwenye kifundo cha mkono wangu, akamwambia ahesabu. Mume wangu akahesabu dakika nzima. Akapata mia moja na thelathini.

"Amelala," Mama Riziki akamwambia. "Anaogopa nini sasa?"

Nilipoamka aliniketisha, akaniambia ninyooshe mikono, vidole vimetanuka. Ikaonekana imetulia, kama siku zote. Shemeji akaguna.

Basi akachana karatasi kwenye daftari lake la madeni, akailaza juu ya vidole vyangu.

Wakuu, karatasi ile ilitetemeka kama jani. Ilitetemeka mpaka ikatoa sauti. Mimi sikuwa naifanya kitu. Nilikuwa naitazama tu, kama wao.

Mama Riziki akaichukua, akailaza juu ya vidole vya shemeji. Ikatulia. Akairudisha kwangu. Ikaanza tena.

"Pepo inaogopa mikono yako, shemeji?" akamwuliza. "Ama ni weye haiko na hii ugonjwa?"

Mume wangu alikuwa ameshika mdomo. Akasema, "Mama Neema, nisamehe. Nilikuwa nashika mgongo."

Shemeji, nampa haki yake, aliuliza ni hospitali gani.

Daktari tuliyempata alikuwa kijana, amechoka, lakini alisikiliza. Aliniambia nina tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Tezi hiyo ndiyo inayoamuru mwili uende kasi gani, kama mkono kwenye kishikio cha mafuta cha mota. Yangu ilikuwa imekwama kwenye kasi ya juu. Damu yangu ilipelekwa Bujumbura, kwa sababu Uvira hakukuwa na kipimo hicho, na majibu yakathibitisha. Kuhusu kufunga siku saba bila maji alisema moyo wangu usingefika siku ya nne.

Kisha akauliza kwa nini tezi iliyolala miaka yote imeamka ghafla.

"Ulipewa vidonge vya mafuta? Vya rovu?"

Nikasema ndiyo. Kiringye walipita watu na gari jeupe, wakagawa kidonge laini chenye mafuta ndani. Kina madini joto, yale mnayoyaona yameandikwa kwenye pakiti za chumvi, ili watu wasipate rovu. Nikameza changu. Mutarule, kwenye kambi, wakapita wengine. Nikapanga mstari, nikameza. Uvira wakapita tena.

"Vitatu," daktari akasema.

"Vitano."

Maana pale Uvira mama mkwe alitazama shingo yangu, akanipa na chake. "Weye ndiye mwenye shingo, mwanangu. Minye yangu iko sawa, kamata." Wifi yangu naye akanipa chake. Kwetu dawa inakwenda kwa mwenye ugonjwa. Ni heshima. Huwezi kumeza dawa ya shingo wakati aliye karibu yako ana shingo.

Daktari akavua miwani. Kimoja kinatosha mwaka mzima, akasema. Na kwa mtu mzima mwenye rovu la siku nyingi, madini hayo mengi kwa mpigo yanaweza kuliamsha kama yalivyoliamsha langu.

Kila mgawaji alinihesabu. Hakuna aliyeniuliza kama nimeshameza. Hakuna aliyetuambia msigawane. Waliandika jina langu mara tatu, na hakuna aliyenyanyua macho kutoka kwenye orodha atazame shingo iliyokuwa mbele yake.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi la hospitali, anasikia. Akaniuliza polepole, "Ni minye nilikutia hii?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia yeye alinipa alichoambiwa ni dawa, na wenye kujua walinyamaza. Hakuniamini. Mpaka alipofariki, kila nilipokohoa aliniangalia shingo. Hilo siwasamehe wale wagawaji. Mwaka wangu uliopotea nimeshausamehe, lakini kumfanya bibi yule ajione muuaji, hapana.

Nilipewa dawa ya kutuliza moyo, na baada ya siku chache mtetemo ulipungua. Ile ya kutuliza tezi ilichukua miezi. Miaka baadaye, barabara zilipofunguka, nilipasuliwa Bukavu, tezi ikatolewa, na sasa nameza kidonge kimoja kila asubuhi. Darasa langu nililipata tena kwa kwenda na karatasi ya daktari mpaka ofisini kwa mkurugenzi na kumsomea neno kwa neno, mlango ukiwa wazi.

Sasa, wakuu, nisieleweke vibaya. Msiache chumvi yenye madini joto, inaokoa watoto. Na si kila mtetemo ni tezi. Inaweza kuwa sukari, upungufu wa damu, dawa unazotumia, na ndiyo, inaweza kuwa hofu. Mimi si daktari. Lakini kama unatetemeka ndani, unakonda huku unakula, moyo unakimbia umelala, omba upimwe tezi. Wakikuambia ni mawazo tu kabla hawajakugusa, kataa kwa adabu, ukae hapo hapo kwenye kiti.

Kijana uliyeandika juzi, nakuongelesha wewe. Mwanangu, si kichaa. Jilaze mchana, mtu akuhesabie mapigo. Kisha laza karatasi juu ya vidole, uje utuambie hapa inafanya nini. Ikitulia, bado nakuamini, na bado uende hospitali.

Na ninyi mliomwambia aoe, nawasubiri hapa chini. Njooni tuzungumze.